Uliuliza Rangi ya Mtamba

Nainokanoka,
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Nasha,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu. Sisi tu wazima, ni baridi tu inayotula. Kakenya anakusalimu sana na anasema vile viatu vya mvua ulivyomletea vimemfaa kuliko mume. Watoto hawajambo. Nyasi zimeota, na ng'ombe wachache waliotubakia baada ya ukame wameanza kuonekana ng'ombe tena.

Naandika kwa sababu simu yangu iliangukia kwenye birika la kunyweshea. Hata kama ingekuwa nzima, mtandao uko kilimani, na ukiongea kilimani unaongea na kijiji kizima. Barua nampa Marijani dereva. Akija kuulizia jibu usimzungushe.

Neno langu linamhusu mama. Yeyo aliondoka hapa mwezi wa pili kuja kwako kutazamwa macho, na wewe ulisema ni wiki chache. Mpaka simu yangu inakufa, kila nilipokupigia ulinijibu uko darasani, uko kwenye kikao, uko kwenye boda, tutaongea baadaye. Hiyo baadaye sijaiona. Sasa nauliza jambo dogo: mchana Yeyo anakaa na nani? Mtu asiyeona haachwi peke yake na jiko la gesi. Wazee wananiuliza mama yako yuko wapi, nami nawajibu yuko kwa mwalimu, wanatazamana kwa namna nisiyoipenda.

Nijulishe anarudi lini. Na ukipata nafasi ninunulie dawa ya kupe na betri za tochi.

Kaka yako,
Metui

*

Karatu,
20 Mei 2024

Shikamoo kaka Metui,

Sisi wazima, na Yeyo anakubariki. Nimemsomea barua yako akacheka pale kwenye viatu na mume, akasema Kakenya hajakosea. Msalimie sana wifi yangu. Marijani alinikosa mara mbili, hilo ni kosa langu, hakusahau yeye.

Kaka, unaandika kama vile mimi nashinda nimelala. Naamka kabla ya jogoo nichote maji, nipike uji wa Yeyo, nipande boda hadi Endamarariek, vumbi au tope kutegemea Mungu ameamkaje. Darasa la saba ni langu, na mwaka huu wana mtihani wa taifa, kwa hiyo kuna vipindi vya asubuhi na vya jioni. Wiki ya zamu ndiyo usiniulize. Dawa yako ya kupe nimeinunua wakati wa mapumziko nikiwa na chaki vidoleni, na muuzaji akadhani ni unga wa ugali. Ukisikia niko kwenye boda, niko kwenye boda kweli.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, wanaweza kuutoa. Wametupangia mwanzoni mwa mwezi ujao. Akitoka hapo ndipo tutajua anarudi lini.

Yeyo hakai peke yake mchana. Yuko mahali salama, usiwe na shaka.

Marijani anapiga honi. Betri ziko chini ya mfuko.

Nasha

*

Nainokanoka,
26 Juni 2024

Nasha,

Salamu. Huku tu wazima. Dawa nimeipata.

Nilikuuliza Yeyo anakaa na nani, ukaniambia mahali salama. Hilo ni jibu la mwanasiasa. Sasa nimeletewa jibu bila kuomba. Jirani yetu Saning'o alishuka mnada wa tarehe saba, akaingia kwenye duka moja la shuka na shanga, na nani amekaa kwenye kigoda mlangoni? Mama yangu. Siku ya kazi, mchana, wewe hupo. Mwenye duka ni mwanamke wa Kiislamu anaitwa Salha. Saning'o anasema Yeyo alielekeza uso barabarani kama mtu asiyejua nani kaingia, hakumsalimu.

Hayo ningeyameza. Lakini Saning'o anasema yule mwanamke alimpa Yeyo chai, akamwita "Paashe". Na Yeyo akaitika "Paashe".

Wewe umesoma, lakini hujasoma hadi ukasahau. Watu hawaitani hivyo kwa kupendana tu. Wanaitana hivyo pale mtamba alipotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo kuna mtamba wa nyumba hii ambaye amepewa mtu wa Karatu, na mimi ninayelala karibu na zizi sijui. Nani amemtoa? Yeyo haoni, hawezi kupanga jambo hilo. Mwenye shida ya kupata mtu wa kumlinda mama wakati yeye anafundisha watoto wa wengine ni wewe. Umemlipa yaya kwa ng'ombe za baba?

Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Naona iliyokuponyoka ni mama.

Nijibu upesi, na usinijibu kwa maneno ya kuzunguka.

Metui

*

Karatu,
15 Julai 2024

Shikamoo kaka,

Tunaendelea vizuri. Shule zilifungwa mwezi wa sita lakini darasa la saba hawakufungwa, kwa hiyo na mimi sikufungwa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nitakujibu moja moja.

Ni kweli Yeyo anashinda kwa Salha. Duka lake liko jirani na chumba nilichopanga. Asubuhi nampitisha pale, jioni namchukua. Salha hanidai kitu. Amejua Kimaasai cha kuuzia shanga, na Yeyo ndiye anayemnyoosha, ndivyo walivyozoeana. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaandika hicho ulichoandika. Ukisema mama ameniponyoka unanichoma mahali ambapo pana kidonda tayari, kwa hiyo naomba usirudie.

Ama huyo mtamba, Mungu ananiona, nilikuwa sijui. Kuitana Paashe nimewasikia, nikadhani Salha amejifunza neno na anafurahi nalo. Nilipopata barua yako nilimuuliza Yeyo. Akasema ndiyo, amempa, ni mtamba wake mwenyewe, wa nyumba yake, aliyezaliwa na ng'ombe aliyepewa na baba siku anaingia pale bomani. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia nikasahihishe madaftari yangu. Siku tatu nilimtazama Salha kama mwizi, kwa ajili ya barua yako. Nilifika hadi kumnyima salamu, naye akaendelea kumkatia Yeyo embe.

Macho yanaendelea.

Nikuulize na mimi. Barua ya kwanza Kakenya alisalimu. Barua ya pili hakuna Kakenya, hakuna watoto. Wifi yangu yuko wapi?

Nasha

*

Nainokanoka,
12 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa Nasha,

Natumaini barua hii inakukuta na afya tele, wewe pamoja na Yeyo wetu. Huku kila kitu kiko sawa kabisa. Kakenya ameenda kwao kupumzika kidogo, mama yake hajisikii vizuri.

Nimefikiri nikaona nilikuwa mkali bure. Kazi ya ualimu ni ngumu na wewe unajitahidi. Kuhusu Yeyo kurudi, hakuna haraka. Huku baridi ni kali, na mtu asiye na macho atateseka na hizi njia. Akae hapo hata hadi mwakani. Huyo mama Salha mpe salamu zangu, ni mtu mwema.

Na huo mtamba, kama Yeyo ameshatamka, basi ameshatamka. Mimi ni nani nipinge neno la mama? Ila niambie tu ni yupi. Ni wa rangi gani? Maana wa Yeyo wako wawili watatu, nisije nikamtenga asiyekuwa yeye. Ukishanitajia nitamchunga vizuri. Huyo mama asijisumbue kupanda hadi huku na baridi hii. Akitaka, siku moja nitamshushia mwenyewe na Marijani.

Msomee Yeyo barua hii yote.

Kaka yako akupendaye,
Metui

*

Karatu,
15 Septemba 2024

Kaka Metui,

Shikamoo. Mtihani umekwisha. Jana nimelala mchana, kitu ambacho sikukifanya tangu Pasaka, na nilipoamka kichwa kilikuwa chepesi nikaisoma barua yako upya.

Mimi kazi yangu ni kusahihisha. Mtoto anayejua jibu haandiki kwa upole hivyo. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita mpendwa. Mwezi wa nne ulitaka Yeyo arudi jana, mwezi wa nane akae hadi mwakani. Halafu kubwa zaidi ni hili: nilikwambia Yeyo ametoa mtamba na amekataa kunieleza sababu. Mtu mwingine yeyote angeuliza kwa nini. Wewe hukuuliza kwa nini, uliuliza rangi.

Sasa nitakueleza kwa nini, maana Yeyo ameniambia hatimaye, na sehemu nyingine nilikuwa naijua ila nilikuficha.

Walimfanyia upasuaji wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Siku ya kufunguliwa bandeji ilikuwa siku ya mtihani wetu wa majaribio. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa mbili, nimeahidiwa. Asubuhi mwenzangu akaugua, nikabaki mimi peke yangu na darasa zima na karatasi mezani. Nikampigia Salha. Alifunga duka siku ya mnada, kaka, siku ambayo ndiyo anauza kuliko wiki nzima, akaenda akamshika Yeyo mkono. Bandeji ilipotoka, mtu wa kwanza Yeyo kumwona baada ya miaka yote hii alikuwa Salha. Duka alilifungua saa sita, walipotoka huko.

Yeyo anasema aliyekuwepo macho yalipofunguka amemzalisha mara ya pili, na mtu hazalishwi akamwacha mkunga aondoke mikono mitupu. Ndiyo maana ya mtamba. Mimi nilifika jioni nimebeba machungwa. Yeyo alinitazama usoni kwa muda akasema, kumbe umekonda. Nililia pale pale dukani, na sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Ulikuwa umeshaniita mtu aliyeponyokwa na mama, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini.

Kwa hiyo elewa ninachokwambia. Yeyo anaona. Anaona tangu mwezi wa sita. Yeye ndiye aliyeniambia nisikuandikie. Alisema, "Mwache Metui anidhanie kipofu kidogo, nisikie anasema nini."

Barua yako nimemsomea yote kama ulivyotaka. Mtamba ni mwekundu, ana baka jeupe ubavuni upande wa kushoto, na pembe moja imeinama. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili tunakuja wote watatu, ili Yeyo amkabidhi Salha kwa mkono wake.

Nasha

*

Nainokanoka,
22 Oktoba 2024

Nasha,

Usimsomee Yeyo hii. Nakuomba kwa jina la baba.

Marijani alinipa barua yako mbele ya watu, nikaisoma nikiwa nimeegemea gari lake. Nimeshukuru Mungu kwamba Yeyo anaona. Nimeshukuru kweli, wala usiniwazie vingine. Halafu nikaogopa.

Mtamba huyo hayupo. Mwezi wa tano nilimpeleka Ololosokwan, pamoja na wengine wa kwangu, kwa ajili ya mahari. Nimeoa. Anaitwa Nosim, aliingia hapa mwishoni mwa mwezi wa sita. Wewe unajua Yeyo alivyosema, kwamba hataki kusikia habari ya mke wa pili hadi zizi lijae tena. Na mimi wenye umri wangu wote wameshaoa wa pili, nilikuwa nakaa nao kama mtoto. Wazee wa huko walitaka mtamba mmoja zaidi, wa kwangu wakawa wamekwisha wa kufaa. Nikasema moyoni, Yeyo haoni, yuko Karatu, nitamrudishia mwingine anayefanana kabla hajajua. Saning'o alipokuja na habari ya Paashe nilijua ni yule. Kati ya wote, lazima angekuwa yule. Ndiyo maana niliuliza rangi.

Nimekwenda Ololosokwan wiki iliyopita kumwomba mkwe tubadilishane. Alinikaribisha vizuri, akanipeleka zizini akanionyesha. Ana mimba. Akaniuliza, kwani kwenu mnaoa kwa kuazima?

Kuna jingine na ndilo baya zaidi. Ili wazee wanisindikize nilisema Yeyo amekubali. Niliwaambia amekubali akiwa hospitali. Kakenya naye nilimwambia hivyo, akakubali kwa heshima ya Yeyo, akampokea mwenzake bila neno. Kisha akamsikia Saning'o na mkewe wakinicheka, akaelewa, akafunga mzigo wake. Hana ugomvi na Nosim, ana ugomvi na mimi. Yeyo akishuka hapa na macho yake, boma zima litajua kwamba nilimwekea mama yangu maneno mdomoni.

Mwambie mtamba alikufa. Mwambie alikula sumu, au fisi. Ukisema wewe ataamini. Nisaidie, mimi ni kaka yako.

Metui

*

Karatu,
23 Novemba 2024

Shikamoo kaka,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwenye mkoba, katikati ya karatasi za watoto. Kila siku nilijiambia nitaijibu baada ya kazi. Ukweli nilikuwa naogopa kama wewe.

Sikumsomea. Nakuapia. Nilimwambia tu umeandika, mu wazima. Lakini jana jioni, tukitoka dukani, aliniuliza kama umeshamtaja mkeo kwenye barua. Nikasema ndiyo, Kakenya yuko kwao. Akasema, "Simwulizi huyo."

Kaka, amejua tangu tarehe saba mwezi wa sita. Walikuwa ndiyo kwanza wametoka hospitali, Salha amefungua duka, Saning'o akaingia. Hakuja kununua shuka. Alikuja kununua urembo wa bibi harusi, ile kola pana ya shanga nyeupe. Akamwambia Salha ni ya binti yake. Yeyo alikuwa kwenye kigoda pale pale, anamtazama mikono. Binti wa Saning'o yuko darasa la pili. Saning'o alichagua, akaipima, akarudisha, akasema ngoja, Metui alisema nyeupe iwe nyingi. Alilisema jina lako mbele ya mama yako, kwa kuwa mtu akiona kipofu hudhani masikio nayo yamepofuka. Yeyo akageuza uso barabarani. Ndiyo sababu hakumsalimu.

Nilimuuliza mbona hakuniambia miezi yote hii. Akasema na mimi nilikuwa namficha jambo, sababu ya kilio changu cha siku ile ya bandeji, akawa anangoja nani kati yetu atachoka kwanza. Nilimuuliza pia kama anajua mtamba yuko wapi. Akasema mwanaume anayeoa akiwa na zizi tupu lazima amekopa kwenye nyumba ya mama, kwingine hakuna, na wazee hawamsindikizi mpaka awaambie mama amekubali. Hakupaza sauti. Alikuwa anachambua mchele.

Kwa hiyo sina la kumdanganya, hata kama ningetaka, na sikutaka. Fisi umwache porini.

Haya ndiyo maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema, na amekaa hapa ananitazama mkono nisipunguze:

"Mwambie Metui sikasiriki kwa ajili ya mke. Nakasirika kwamba alioa kwa maneno aliyoniwekea mdomoni. Mkwe wangu hajaingia nyumbani kwangu. Mkwe husimama mlangoni akakataa kuingia mpaka mama wa nyumba amtajie anampa mnyama gani. Huyo alisimama akaitikiwa na nani? Aliingia kama mbuzi aliyekosa njia. Mimi nitampa mtamba, na yule aliyeko kwa baba yake nahesabu ndiye, nimemtaja leo. Kwa hiyo yeye naye ni Paashe wangu, nimekuwa nao wawili. Ila Salha hawezi kubaki na jina bila mnyama. Salha ataingia zizini kwa Metui, achague mwenyewe katika ng'ombe za Metui, hata kama ni yule anayempenda kuliko watoto. Mimi nitasimama pembeni, sitasema neno. Nitatazama tu. Na Kakenya akafuatwe kwao kabla sijafika, afuatwe na Metui mwenyewe kwa miguu yake, amwambie kwa mdomo wake kwamba nilikuwa sijakubali."

Mwisho wa maneno yake. Tunapanda na Marijani Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule. Salha amenunua koti la baridi. Ananiuliza ng'ombe mzuri anajulikanaje, nimemwambia amuulize Yeyo, mwenye macho yupo.

Na mimi kaka nimeomba ruhusa ya siku zote za kusahihisha mitihani ya ndani. Nimekataliwa, na nakuja hivyo hivyo.

Nasha

*

Nainokanoka,
2 Desemba 2024

Nasha,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa siistahili.

Kakenya amerudi. Alinisikiliza mbele ya mama yake hadi mwisho, na njiani hakunisemesha. Anakusalimu. Amesema niandike hivyo hivyo, kwamba anakusalimu, ila viatu sasa vimetoboka.

Fahali siwezi kumpa mtu, lakini majike yote yatakuwa zizini siku hiyo, hata yule mweusi, kipenzi changu. Nilitaka kumpeleka kwa Saning'o akalale huko. Nikamfikisha nusu ya njia, nikamrudisha.

Nosim nilimsomea maneno ya Yeyo. Akakunja shuka zake, akavaa ile kola ya shanga, akatoka ndani. Yuko kwa jirani tangu jana. Watu wanamwambia arudi kwani baridi ni kali, naye anawajibu kwamba hajaingia bado, anamngoja mama wa nyumba.

Metui